Duka Liende Hata Ukiwa Ubaruku: Mwongozo Kamili wa Kuweka Utaratibu Kwenye Biashara Ndogo

Mavuno ya mpunga Mbarali yakishaanza, kuanzia Mei hivi, mwenye duka la nafaka Mbeya mjini anatakiwa awe sehemu mbili kwa wakati mmoja. Mzigo uko Igurusi, Ubaruku na Rujewa kwenye mashine za kukoboa. Mteja yuko Mwanjelwa, Soweto au Kabwe. Akibaki dukani, wenzake wanamaliza mchele mzuri kwa bei ya mavuno. Akienda, simu haitulii. "Bosi, huyu mama anataka kilo hamsini, nimpunguzie?" "Bosi, yule jamaa wa juzi anasema mlikubaliana atalipa Ijumaa." "Bosi, maharage yamekwisha." Anaporudi, pesa iliyo kwenye droo na mchele uliobaki havikubaliani, na hakuna anayejua imekuwaje.

Hapo wengi huanza kutafuta mtu: mdogo wake, au mtoto wa shangazi kutoka Tukuyu. Mtu mwaminifu ni mali, sikatai. Ila mwaminifu naye husahau, hukosea kujumlisha, na huona aibu kumnyima mjomba wako mchele wa mkopo. Utaratibu ninaoueleza hapa una kazi moja kubwa: kosa lionekane siku ile ile lilipotokea, likiwa bado dogo na kila mtu bado anakumbuka. Ukishalipata hilo, uaminifu wa muuzaji wako unapata pa kusimamia, na wewe unaweza kusafiri.

Nitatumia duka la mchele na maharage kama mfano. Bei nitakazotaja ni za kufanyia hesabu tu, weka zako.

Anza na maswali unayoulizwa

Usikae chini ukaanza kutunga sheria. Nunua daftari dogo la kuingia mfukoni, na kwa wiki mbili andika kila swali ambalo muuzaji anakuuliza, ana kwa ana au kwa simu. Andika swali tu, jibu liache. Na kila mara unapojisikia kusema "hebu lete, nifanye mwenyewe," andika hilo pia, maana hapo ndipo ujuzi wa duka umefichwa kichwani mwako.

Baada ya wiki mbili utakuta kurasa zimejaa lakini maswali yenyewe ni machache, yanajirudia. Bei ya jumla. Nani anakopeshwa. Mzigo umefika, nilipe wabebaji shilingi ngapi? Noti hii imechanika, niipokee? Kila swali linalojirudia ni uamuzi ulioufanya zamani ukabaki nao mwenyewe, na muuzaji hana namna ya kuujua isipokuwa akupigie.

Sasa pembeni ya kila swali weka alama kwa kujiuliza: hili likikosewa mara moja, pesa kiasi gani inapotea? Karibu kila duka la nafaka litaishia na mambo matatu juu ya orodha: kupokea mzigo, kufunga hesabu ya siku, na kukopesha. Fanya hayo matatu kwanza. Namna ya kufagia, kupanga magunia na kukaribisha wateja ni muhimu pia, lakini yasubiri. Nimeona watu wakiandika kanuni za duka kurasa ishirini kwa wiki moja, na wiki ya pili hakuna hata ukurasa mmoja unaofuatwa.

Kupokea mzigo

Hasara nyingi za duka la nafaka huingia kwa mlango wa mbele, tena mchana kweupe, zikiwa mgongoni kwa mbebaji. Gunia linaitwa la kilo 100 kwa sababu tumezoea kuliita hivyo. Ukilipandisha kwenye mizani unaweza kukuta 98, au 97 na nusu. Kwenye viazi na vitunguu tatizo limekaa upande mwingine: lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likavikwa kofia ya wavu, ambalo Wakala wa Vipimo wamelipiga vita miaka yote. Linaonekana kumfaidisha mnunuzi, lakini hata yeye hajui amenunua kilo ngapi, na asiyejua kilo alizonunua hawezi kujua faida yake.

Kwa hiyo unahitaji mizani mbili: ndogo ya kaunta na kubwa inayobeba gunia zima. Zote ziwe na muhuri wa Wakala wa Vipimo, ambao huhakiki mizani za biashara kila mwaka. Mizani kubwa ni ghali kidogo, na kama mtaji haujaruhusu, shirikianeni na jirani. Ila usiruke hatua hii, kwa sababu kila hesabu inayofuata inasimama juu yake.

Mpangilio wa kupokea uwe hivi. Gari likifika, dereva haondoki mpaka magunia yote yamepimwa. Gunia moja moja linapanda mizani, na kilo zake zinaandikwa kwa makapeni juu ya gunia lenyewe pamoja na tarehe na ulikotoka mzigo. Kisha kilo hizo hizo zinaingia kwenye daftari la mzigo. Kaunta buku inatosha, ichorwe safu hizi: tarehe, aina, ulikotoka, namba ya gunia, kilo halisi, bei ya kununulia, na sahihi mbili, ya muuzaji na ya dereva au mtu aliyeleta. Sahihi ya pili ndiyo inayomlinda kijana wako. Mzigo ukiwa pungufu, ilishajulikana kabla haujawa mikononi mwake.

Usitupe karatasi za njiani: stakabadhi ya ushuru, ya usafiri, na hata kile kikaratasi cha mashine. Hesabu ya gharama inazitaka. Tuseme ulinunua magunia 10 ukalipia kilo 1,000 kwa shilingi 2,200, yaani 2,200,000. Usafiri, kupakia, kushusha na ushuru vikala 90,000. Jumla 2,290,000. Mizani ya dukani ikasema kilo 985. Gawanya: kilo moja imekugharimu 2,325, ile 2,200 uliyotoka nayo Ubaruku haipo tena. Ukiuza kwa 2,800 unadhani unapata 600 kwa kilo, kumbe unapata 475, na hapo kodi ya fremu, umeme na mshahara bado. Andika hiyo 2,325 kwa peni nyekundu pembeni ya mzigo huo kwenye daftari. Ndiyo bei ambayo hakuna ruhusa ya kuuza chini yake, hata mteja awe nani.

Jambo jingine la kupokea, ambalo watu wa Mbeya wanalijua vizuri: mchele wa Kyela na wa Mbarali usikae mguu kwa mguu. Harufu ya Kyela ndiyo anayoilipia mteja, na akipelekewa mchanganyiko mara moja, mara ya pili hapiti kwako. Weka ukuta wa kulia uwe wa Kyela, wa kushoto wa Mbarali, na beseni la kila mmoja liwe na rangi yake. Muuzaji mpya hatakiwi kunusa ili ajue, rangi ya beseni imwambie.

Kufunga hesabu jioni

Hapa ndipo moyo wa jambo lote. Maduka mengi hufunga siku kwa kuhesabu pesa peke yake. Pesa peke yake haikuambii kitu. Laki tatu inaweza kuwa siku nzuri au siku ya wizi, kutegemea kilo ngapi zimetoka. Lazima mchele uhesabiwe, pesa ihesabiwe, halafu viulizane.

Kanuni ni fupi: kilo za asubuhi, jumlisha zilizoingia, toa zilizobaki jioni. Hizo ndizo zilizotoka. Zidisha kwa bei, upate pesa inayotakiwa kuwepo.

Usiogope kwamba kila jioni utapima duka zima. Magunia ambayo hayajafunguliwa yameshaandikwa kilo kwa makapeni, unayajumlisha kwa macho. Unapima yaliyofunguliwa tu na mabeseni. Na usihesabu kila kitu kila siku: chagua bidhaa mbili au tatu zinazobeba pesa nyingi. Karanga, dagaa na vikorombwezo vingine vipimwe Jumamosi.

Tuone siku moja kwa karibu.

Mchele asubuhi kilo 312. Magunia mawili yakaingia mchana, yakaandikwa kilo 200. Jioni zimebaki 418. Kwa hiyo zimetoka 94, mara 2,800 ni shilingi 263,200. Maharage asubuhi kilo 85, hayakuongezwa, jioni 61. Zimetoka 24, mara 3,000 ni 72,000. Pesa inayotakiwa: 335,200.

Upande wa pili, droo ina 145,000, lakini 20,000 ilikuwa chenji ya kuanzia asubuhi, kwa hiyo mauzo ya taslimu ni 125,000. Lipa namba inaonyesha 148,000. Mama ntilie wa jirani kachukua kilo 15 za mkopo, 42,000. Chakula cha kijana na hela ya usafi vimetoka kwenye droo, 7,000. Jumla 322,000. Lakini kuna mtu alikuja kulipa deni la wiki iliyopita, 10,000, na hiyo si mauzo ya leo, itoe. Imebaki 312,000.

Pengo ni shilingi 23,200. Kwa duka lisilo na utaratibu, jioni kama hii huishia kwa kufokeana au kwa kunyamaza kubaya. Lakini kwa kuwa siku bado ni ile ile, kaeni chini muulizane. Kuna mteja wa jumla? Yupo, alichukua kilo 50 kwa 2,600 na kulipa 130,000 kwa simu. Punguzo hilo ni 10,000. Pengo limebaki 13,200. Yale magunia mawili ya mchana yalipimwa? Kijana anakuna kichwa: gari lilikuwa na haraka, akaandika mia mia. Yote mawili yalishafunguliwa, kwa hiyo jioni yalipimwa, na kwa bahati moja lilikuwa halijatolewa hata kilo. Hilo mizani ya jioni ilisoma 98. La pili lilitoka gari moja na lilikuwa sawa na hilo. Kilo 4, mara 2,800, ni 11,200. Imebaki 2,000, ambayo ni chenji iliyozidi au mkono uliomiminia wateja kwa ukarimu.

Hakuna aliyeiba. Kumepatikana mambo mawili ya kurekebisha: bei ya jumla iandikwe mahali pake, na mzigo usiruke mizani hata dereva akipiga honi. Hesabu hiyo hiyo ingefanywa baada ya mwezi, zingebaki tuhuma tupu.

Bei ya jumla inahitaji safu yake kwenye karatasi ya siku, ili kesho pengo la namna hiyo lisijitokeze kabisa. Kwa hiyo karatasi iwe na sehemu hizi: kilo za asubuhi, zilizoingia, zilizobaki, zilizouzwa rejareja, zilizouzwa jumla, taslimu, simu, madeni mapya, madeni yaliyolipwa, matumizi, pengo. Ukisafiri, muuzaji anaipiga picha na kukutumia kwa WhatsApp kabla ya saa 2 usiku, kila siku, hata kama mauzo yalikuwa kidogo. Mtandao ukikosekana huko porini, picha zitakusubiri.

Kuhusu pengo lenyewe, amua mapema kiasi ambacho hakina maneno. Mchele hukauka, chenga humwagika, mizani ya kaunta nayo ina ukomo wa usahihi wake. Usikopi kiasi cha mtu mwingine. Kwa mwezi mmoja ukiwa dukani mwenyewe, pima gunia kabla ya kulifungua na jumlisha kilo ulizouza mpaka liishe. Tofauti utakayoipata, ukiwa wewe ndiye unayeuza, ndiyo halali kwa duka lako. Na pengo likizidi upande wa faida, lichunguze vile vile. Pesa iliyozidi mara nyingi ni mteja aliyepunjwa, na huyo hatapiga simu kulalamika. Atahamia duka la pili.

Deni

Duka lisilokopesha kabisa ni gumu kuliendesha Mbeya, hasa kama wateja wako wakubwa ni mama ntilie na wenye migahawa, ambao wanapika asubuhi na kupata pesa mchana. Kwa hiyo usiandike "LEO PESA KESHO MKOPO" ukutani kisha ukakopesha chini ya kaunta. Kopesha kwa utaratibu.

Mteja wa mkopo anajulikana kwa orodha, na orodha unaiandika wewe. Kila mmoja ana ukurasa wake, una jina, namba ya simu, na ukomo wa deni lake. Mama ntilie anayelipa kila jioni anaweza kupewa ukomo wa 60,000; mteja mpya apewe sifuri mpaka umjue. Deni linaandikwa mbele ya mteja, naye anaweka sahihi au dole gumba. Siku ya kulipa inaandikwa kwa tarehe, kwa sababu "mwisho wa mwezi" una siku nyingi. Deni la zamani halijalipwa, jipya halifunguliwi.

Ugumu haupo kwa mama ntilie. Upo kwa ndugu zako. Mjomba anaingia, anakaa kwenye benchi, anasalimia vizuri, anasema mwambie mwanangu nitamtumia. Kijana wa miaka ishirini afanye nini? Mpe maneno kabla siku hiyo haijafika: "Shikamoo mjomba, karibu. Bosi ameniachia daftari, asiyekuwemo lazima nimpigie kwanza. Ngoja nimpigie hapa hapa muongee." Simu ikipigwa, uamuzi ni wako na aibu ni yako, kijana amebaki na heshima yake kwa pande zote. Ukikubali, andika kwa jina lako: umechukua wewe, utalipa wewe.

Mwenye duka naye anaandikwa

Hili watu hawalipendi. Ukibeba kilo tano kwenda nyumbani, zinaingia kwenye karatasi ya siku. Ukichukua elfu thelathini kwenye droo kwa ajili ya ada au mchango wa harusi, zinaingia. Muuzaji anayekuona unachukua bila kuandika anajifunza haraka kwamba daftari ni la watu wadogo, naye ataanza na shilingi mia tano.

Njia iliyo rahisi kuishi nayo ni kujilipa kiasi maalumu, kwa wiki au kwa mwezi, na kukaa ndani yake. Pesa za duka zigawanywe mara moja kwa wiki, siku ile ile kila wiki: ya kununulia mzigo, ya matumizi ya duka, na yako. Laini ya lipa namba isiwe ile unayotumia kununulia vocha na kutumiana pesa na ndugu. Kama unachangia kikoba, mchango utoke kwenye fungu lako, kamwe usitoke kwenye fungu la mzigo.

Karatasi moja ukutani

Sasa uandishi. Kosa la kawaida ni mwenye duka kujifungia na kuandika jinsi anavyodhani kazi inafanyika. Geuza: mwambie muuzaji wako afanye kazi huku wewe umekaa pembeni na peni, uandike anachofanya, kwa maneno yake. Kama yeye anasema "beseni la bluu", usiandike "chombo cha kuhifadhia bidhaa". Panapokosewa rekebisheni hapo hapo, kisha andika upya.

Kila kazi karatasi moja, upande mmoja, herufi kubwa. Itie kwenye nailoni isiloane na uibandike pale kazi inapofanyika: ya kupokea mzigo juu ya mizani kubwa, ya kufunga hesabu juu ya droo. Hii ya kufunga hesabu inaweza kuwa hivi:

1. Saa 12 jioni funga nusu mlango. Mteja akija, mhudumie, kisha endelea.
2. Jumlisha kilo za magunia ambayo hayajafunguliwa. Andika.
3. Pima yaliyofunguliwa na mabeseni. Toa uzito wa beseni. Andika.
4. Toa chenji ya kesho 20,000, iweke kwenye bahasha.
5. Hesabu taslimu mara mbili. Zikitofautiana, hesabu ya tatu.
6. Fungua simu ya lipa namba, andika jumla ya leo.
7. Jaza madeni na matumizi kutoka daftarini, usijaze kwa kukumbuka.
8. Andika pengo. Likizidi kiasi tulichokubaliana, andika unachodhani kimesababisha.
9. Piga picha, tuma.

Karatasi ikishabandikwa, ijaribu kwa mtu asiyejua duka. Mlete mdogo wako aliye likizo, mpe karatasi, mwache afunge siku huku muuzaji wako akitazama bila kusema. Atakapokwama na kuuliza, hapo ndipo karatasi ina tundu. Uzito wa beseni, kwa mfano, karibu kila mtu husahau kuutaja.

Bei nazo ziwe na karatasi yake, ndogo, inayobadilika. Safu tatu: rejareja, jumla kuanzia kilo 50, na bei ya mwisho ambayo muuzaji anaruhusiwa kufikia bila kupiga simu. Hiyo safu ya tatu ikae ndani ya droo, mteja asiione.

Kuagiza kabla stoo haijalia

"Maharage yamekwisha" ni sentensi isiyotakiwa kusikika. Chukua karatasi za siku za mwezi mmoja, tafuta wastani wa kilo zinazotoka kwa siku. Tuseme mchele ni kilo 60. Kama kutoka kupiga simu Ubaruku mpaka mzigo kushuka dukani ni siku 3, unahitaji kilo 180 za kungojea, na uongeze siku mbili za tahadhari, 120. Kwa hiyo stoo ikifika kilo 300, agiza. Andika "300" kwa herufi kubwa ukutani juu ya magunia ya mchele, na muuzaji akifika hapo haombi ruhusa, anakujulisha tu.

Namba hiyo inabadilika na majira. Huku kwetu mvua ni moja, kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei. Machi na Aprili barabara za mashambani huko Usangu zinaharibika na siku 3 zinaweza kuwa 6, tena mchele wa mwaka jana unaelekea kwisha na bei inapanda. Panga upya namba zako mara mbili kwa mwaka: Juni mzigo ukiwa mwingi, na Januari kabla njia hazijafunga.

Tarehe za serikali

Chukua kalenda moja ya ukutani, andika kwa peni nyekundu tarehe zote zinazoweza kukufungia duka: leseni ya biashara ya halmashauri inaisha lini, uhakiki wa mizani lini, kodi ya fremu lini. Kwa wanaofuata mwaka wa kawaida, kodi ya makadirio ya TRA hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Fungu la kodi litengwe kila wiki pamoja na mafungu mengine, ili Juni isikukute umemaliza pesa kwenye mzigo wa mavuno.

Kama umefikia kiwango cha kutumia mashine ya EFD, ile ya risiti za TRA, jumla ya siku ya mashine iandikwe kwenye karatasi ile ile ya jioni, na ilingane na mauzo. Karatasi za siku zitunze kwa miezi, kila mwezi bahasha yake, kwa miaka 5. Ofisa akija kufanya makadirio, mwenye daftari ana cha kuzungumzia; asiye nalo anakadiriwa kwa kuangaliwa wingi wa magunia mlangoni.

Mwezi wa kwanza

Tegemea uzito. Muuzaji atasema kazi imeongezeka, na ni kweli imeongezeka, dakika arobaini kila jioni mpaka mkono uzoee. Mlipie muda huo au mruhusu afunge mapema. Usimwongezee kazi kwa jina la utaratibu bila chochote. Wiki ya kwanza fungeni hesabu pamoja kila siku. Ya pili, afunge yeye, wewe uangalie. Ya tatu, ondoka saa 10 jioni upokee picha. Safari ya Ubaruku ingoje wiki ya nne.

Ukaguzi wa ghafla uwepo, na atangaziwe tangu siku ya kuajiriwa kwamba utakuwepo, ili siku ya kwanza usionekane umemshuku. Pima bidhaa moja tu, saa yoyote, mara mbili au tatu kwa mwezi. Mapengo yakiwa madogo kwa miezi mitatu mfululizo, mpe kitu. Ukiona mapengo yanajirudia siku zile zile za wiki, angalia kwanza nini hutokea siku hizo kabla hujatazama mtu. Inaweza kuwa ni siku ya gulio, wateja wanajaa, na mtu mmoja hawezi kupima na kupokea pesa kwa pamoja. Hapo dawa ni msaidizi wa nusu siku.

Na karatasi isiyotumika ibandue. Kama hakuna aliyeisoma kwa miezi miwili, ama kazi imeshaingia mikononi au kanuni yenyewe haikuwa na maana.

Kama wewe huuzi mchele

Tafuta kitu kinachohesabika kisichoweza kudanganya, kisha kilinganishe na pesa. Mwenye banda la chipsi anayenunua viazi Uyole ahesabu debe moja linatoa sahani ngapi, na sahani zenyewe azihesabu asubuhi na jioni kama anatumia za kutupa. Mwenye mbao Mafinga ahesabu vipande kwa saizi, mbili kwa nne peke yake, moja kwa nane peke yake, na zilizopasuka ziwe na rundo lao. Saluni ihesabu vichwa, kila mteja na kikaratasi chenye namba, na dawa za nywele zipimwe mwisho wa wiki.

Mashine ya kusaga imebahatika kuliko zote, kwa sababu ina shahidi wa umeme. Soma mita ya LUKU asubuhi kabla ya kuwasha na jioni baada ya kuzima. Kwa siku chache ukiwepo mwenyewe, tafuta uniti moja inasaga madebe mangapi ya dona na mangapi ya sembe, kwa sababu kukoboa kunaongeza umeme. Baada ya hapo, uniti zilizotumika zinakuambia madebe, na madebe yanakuambia pesa. Uniti zikianza kupanda wakati madebe yale yale, kagua kwanza mashine yenyewe na mkanda wake kabla hujamuuliza kijana chochote.